Darsa ya Itikafu: Kujitenga kwa Ajili ya Kurudi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darsa yetu ya hapa Lokichar, ndugu mmoja mwenye mke na watoto, na ambaye riziki yake ni ya kutwa kwa kutwa, ameuliza suala hili: Je, yafaa kwake aache kazi yake siku arubaini, akae peke yake mbali na watu, ale kidogo wala asinene na mtu, kwa kutaraji kwamba moyo wake utasafika na tabia zake zitageuka? Amesema kuwa amechoka. Kwamba husali lakini akimaliza hajui alisoma nini. Na kwamba ulimi wake umekuwa mkali kwa watu wa nyumbani mwake. Tena akasema ameambiwa kuwa asiyeingia khulwa ya siku arubaini haonji utamu wa ibada.

Suala hili lina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni haja yake ya kupumzika na kuitazama nafsi yake, nayo ni haja ya kweli ambayo haifai kufanyiwa shere. La pili ni njia aliyoonyeshwa, nayo haki na batili zimechanganyika ndani yake. Kwa hiyo tumeona kheri tuyaeleze yote mawili kwa urefu kidogo, ili afaidike yeye na wengine waliomo katika hali kama yake, nao si wachache.

Haja ya moyo kupumzika

Mji wetu huu umepita katika mambo mengi kwa muda mfupi. Mwaka 2012 mafuta yalipatikana katika kisima cha Ngamia 1, katika bonde hili la Lokichar. Mwaka 2018 malori yakaanza kuyachukua mafuta ghafi kwenda Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1000. Mwaka 2019 shehena ya kwanza ikauzwa ng'ambo. Na mwaka 2020 uchukuzi ule ukasimama. Walikuja watu kutafuta kazi, wakajenga, wakakopa, wakangoja. Kisha ukaja ukame, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo isiyotosheleza, na wafugaji wakawaona wanyama wao wakifa mbele ya macho yao. Mtu aliyepandishwa na matumaini kisha akateremshwa namna hii, asiwe moyo wake umechoka? Na moyo uliochoka hauwezi kuizingatia sala, wala hauwezi kuwavumilia watoto.

Mwenyezi Mungu ameujua udhaifu wetu huu kabla hatujaujua sisi. Katika Sura ya Amma, aya ya 9, ametaja usingizi kuwa ni mapumziko aliyotupa Yeye. Na katika Suratul Muzzammil alipomwamrisha Mtume wake kusimama usiku, alimtajia kuwa mchana ana shughuli ndefu. Basi hapana aibu kwa mwenye shughuli ndefu kutafuta wakati wa kuwa peke yake na Mola wake.

Tazameni ngamia, nanyi mnaishi naye. Mchana hutembea akila miiba na majani, hukata hapa na pale wala hatafuni sawasawa. Usiku hupiga magoti, akakirudisha kile alichokimeza akakicheua, na hapo ndipo chakula kinapomfaa mwilini. Lau angalikuwa hapigi magoti, kula kwake kwote kungalikuwa ni taabu bure. Na sisi twameza mambo mchana kucha, maneno ya watu, khabari za mbali, hasira, hofu na tamaa, wala hatukai tukayacheua. Basi yatufae nini?

Na Mtume wetu (S.A.W.), kabla ya kuteremshiwa Wahyi, alikuwa akipanda Jabal Hira, akikaa katika pango masiku kadha wa kadha akiabudu. Bibi Aisha (R.A.) ameieleza khabari hiyo, nayo imo katika Sahihi ya Bukhari mwanzoni kabisa. Lakini angalieni mambo mawili katika khabari hiyo, ambayo wengi huyapita. La kwanza, Mtume alikuwa akichukua chakula chake, na kinapokwisha hurudi kwa Bibi Khadija akachukua kingine. Hakujiua kwa njaa, wala hakuikata njia baina yake na nyumba yake. La pili, Wahyi ulipomjia hakubaki pangoni. Aliteremka. Na baadaye alitoka kwa watu akawafundisha, akaudhiwa, akasubiri.

Itikafu ni nini?

Baada ya sharia kutimia, kujitenga huku kumewekewa mlango wake, nao ni itikafu. Maana yake katika lugha ni kulazimiana na kitu. Na katika sharia ni kukaa msikitini kwa nia ya kumwabudu Mwenyezi Mungu. Imetajwa katika Suratul Baqara mara mbili: katika aya ya 125, pale Nabii Ibrahim na Ismail (A.S.) walipoamrishwa kuitoharisha Nyumba kwa ajili ya wenye kuizunguka na wenye kukaa itikafu na wenye kurukuu na kusujudu, na katika aya ya 187, pale walipokatazwa waume kuwaingilia wake zao hali wamo katika itikafu misikitini.

Nguzo zake kwa madhehebu yetu ya Shafi ni nne: nia, kukaa, msikiti, na mwenye kukaa, naye awe Mwislamu mwenye akili, aliyesalimika na janaba na hedhi na nifasi. Saumu si sharti kwa Imamu Shafi; Maimamu Abu Hanifa na Malik wameishurutisha, kila mmoja kwa maelezo yake. Dalili ya kwetu ni khabari ya Sayyidna Umar (R.A.), aliyemweleza Mtume kwamba zama za ujahili aliweka nadhiri ya kukaa itikafu usiku mmoja katika Msikiti Mtakatifu, naye Mtume akamwamrisha aitimize, na usiku si wakati wa saumu.

Na muda wake hauna kiwango cha chini kilichotajwa ila kupita ule utulivu wa rukuu na kusujudu. Kwa hiyo mwenye kuingia msikitini kusali Adhuhuri, akanuia itikafu mpaka atakapotoka, ameipata. Jambo hili ni rahisi mno, na kwa urahisi wake watu wamelidharau.

Ama iliyo bora ni ya kumi la mwisho la Ramadhani. Mtu huingia kabla ya jua la mwezi 20 kuchwa, akatoka baada ya jua la siku ya mwisho kuchwa. Na imependekezwa alale papo hapo usiku wa Idi, atoke kwenda kusali. Mtume alidumu nayo kila mwaka mpaka alipofishwa, na mwaka ule wa mwisho akakaa siku 20.

Namna alivyokaa Mtume

Wengi wetu tukisikia itikafu hufikiri ni mtu aliyefunikwa shuka, asiyecheka wala kunena. Someni Hadithi mwone. Mtume alikuwa akikitoa kichwa chake kutoka msikitini, Bibi Aisha akamchana nywele naye yumo chumbani mwake. Bibi Safiya alimwendea usiku, wakazungumza, na alipoinuka kurudi, Mtume aliinuka naye kumsindikiza. Wakapita watu wawili katika Ansari wakaharakisha mwendo, naye akawaita akawajulisha kuwa huyo ni Safiya, ili Shetani asiwatilie neno mioyoni. Basi itikafu haikumwondolea adabu ya mume kwa mkewe, wala haikumwondolea huruma kwa wapita njia.

Tena mwaka mmoja wake zake walipiga mahema msikitini, mmoja baada ya mmoja, kila mmoja akitaka naye awe karibu. Mtume alipoyaona alishuku kama kweli ni wema ndio uliotakiwa. Akaliondoa hema lake, akaiacha itikafu ile, akaja kuikaa siku kumi katika Shawwal. Hapa pana funzo kubwa: itikafu ikigeuka mashindano, kuiacha ni bora kuliko kuikaa.

Na safari nyingine alisikia watu wakisoma kwa sauti kubwa, naye yumo katika itikafu. Akainua pazia akawafahamisha kwamba kila mmoja wao ananong'ona na Mola wake, basi wasiudhiane. Ikiwa Kurani yenyewe haifai kusomwa kwa namna ya kumuudhi mwenye kuabudu, tuseme nini juu ya vipaza sauti na simu?

Ama khulwa ya siku arubaini

Wanaoishikilia idadi hii hutoa hoja ya Nabii Musa (A.S.), aliyekaa mlimani masiku arubaini. Ni kweli, khabari hiyo imo katika Suratul Aaraf, aya ya 142. Lakini ile ilikuwa miadi aliyopewa Musa na Mola wake apate kupokea Mbao za Taurati. Hatukuamrishwa sisi kuifuata. Tena katika aya hiyo hiyo mna jambo ambalo watoa hoja hawalitaji: Musa hakuondoka mpaka alipomweka ndugu yake Harun mahali pake, akamuusia atengeneze wala asifuate njia ya waharibifu. Na pamoja na hayo, aliporudi aliwakuta watu wake wanaabudu ndama. Basi ndugu yangu muulizaji, ikiwa Nabii aliyemwacha Nabii mwenziwe amekuta hayo, wewe utamwacha nani?

Hatusemi kuwa kila ajitengaye amezua. Twasema kuwa kuweka idadi maalumu, na kukaa kimya kwa nadhiri, na kujinyima chakula zaidi ya saumu ya sharia, na kuitakidi kuwa ibada haipatikani ila kwa hayo, ni mambo yasiyo na dalili kwa Mtume wala kwa sahaba zake. Walikuja watu watatu wakaulizia ibada ya Mtume, wakaiona chache kwao; mmoja akaazimia kusali usiku wote, wa pili kufunga maisha, wa tatu kutooa. Mtume akawajulisha kuwa yeye hufunga na hula, husali na hulala, na ameoa. Na mwenye kuichukia njia yake si katika yeye. Na katika Suratul Hadid, aya ya 27, Mwenyezi Mungu ameutaja utawa kuwa ni jambo walilolizua watu wenyewe, kisha wasiliangalie ipasavyo.

Pia yafaa tuwatanabahishe ndugu kuhusu khabari inayosomwa sana kila Ramadhani, ya kwamba siku moja ya itikafu huweka mahandaki matatu baina ya mtu na moto. Wanavyuoni wa Hadithi wameidhoofisha. Itikafu ina ubora wa kutosha kwa vile Mtume alivyodumu nayo. Haihitaji kupambwa kwa yasiyothubutu.

Imamu Ghazali na mizani yake

Huenda mtu akauliza: Mbona Imamu Ghazali alijitenga? Naam. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, mwenye jaha kubwa. Akaona kwamba katika elimu yake ametafuta cheo, akaugua hata ulimi ukamzuia kufundisha. Akatoka akenda Damasko, akawa anajifungia katika mnara wa msikiti mkuu, kisha Baitul Maqdis, kisha Hija. Lakini hakutoka mpaka alipokwisha kuwawekea watu wake chakula chao, na mali iliyobaki akaigawa. Na mwaka 1106 alirudi kufundisha huko Nishapur. Katika kitabu chake cha Ihya ameweka mlango mzima wa kujitenga, akapima faida na madhara ya pande zote mbili, na hukumu yake ni kwamba jambo hili hubadilika kwa kubadilika mtu na hali yake. Hapana dawa moja kwa wagonjwa wote.

Jawabu ya muulizaji

Sasa twarudi kwenye suala lenyewe. Ndugu yetu ana mke na watoto, na chakula chao cha kesho kimo mikononi mwake leo. Kuwalisha ni faradhi. Itikafu ni sunna. Haijuzu kuiacha faradhi kwa ajili ya sunna. Salman (R.A.) alimzuru Abu Dardai akamkuta mkewe hajipambi tena, kwa sababu mumewe amejishughulisha na saumu na sala hata hana haja na dunia. Salman akamlisha, akamlaza, akamwamsha mwisho wa usiku wakasali pamoja, akamweleza kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipoelezwa alimsadiki Salman.

Na pana khabari nyingine, ya kwamba kwenda na ndugu katika haja yake kwapendeza kuliko itikafu ya mwezi. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya isnadi yake, nasi hatuijengei hukumu. Lakini ile ya Salman yatosha, nayo imo katika Bukhari.

Kwa hiyo jawabu ni hii: siku arubaini, hapana. Lakini tusimrudishe mikono mitupu, maana uchovu wake ni wa kweli. Na afanye hivi. Kwanza, kila siku aingiapo msikitini kwa sala anuie itikafu, akae robo saa baada ya sala bila ya kuzungumza. Pili, achague usiku mmoja katika juma, baada ya kukubaliana na mkewe, aingie Isha atoke Alfajiri, kisha aende kazini mwake. Tatu, tangu Rajabu aweke akiba kidogo kidogo, ili Ramadhani apate walau masiku matatu ya kumi la mwisho, hali nyumba ina unga na maji. Na asipoipata akiba hiyo, basi thawabu ya nia yake haipotei kwa Mola wake.

Na mkewe naye ana moyo unaochoka. Wake wa Mtume walikaa itikafu baada yake. Kwa madhehebu yetu mahali pake ni msikitini, kwa rukhusa ya mume na kwa kusalimika na fitina. Wafuasi wa Abu Hanifa wamemjuzishia mahali pake pa kusalia nyumbani. Lililo dhahiri ni kuwa mume aombaye usiku mmoja wa kupumzika, naye ampe mkewe saa za kupumzika, awashike yeye watoto.

Kazi ya aliye ndani

Mwenye kuingia asiingie na soko lake. Simu yake na aizime, au aikabidhi kwa mtu wa nyumbani. Mwili ukiwa mihrabuni na kidole kikiwa katika khabari za mji, hiyo ni itikafu ya mwili peke yake.

Kisha na alale kwanza. Mtume alipoiona kamba iliyofungwa baina ya nguzo mbili za msikiti, akaambiwa ni ya Bibi Zainab, akichoka hujishika nayo, aliamrisha ifunguliwe. Mtu asali akiwa na nguvu, akichoka akae. Na sahaba walikuwa wakilala kailula mchana. Katika joto la Turkana usingizi wa adhuhuri ni msaada wa kisimamo cha usiku.

Akiamka na ajihesabu, kama alivyoamrisha Mwenyezi Mungu katika Suratul Hashri, aya ya 18, kila nafsi iangalie iliyoyatanguliza kwa ajili ya kesho. Na hesabu iwe ya mambo yenye majina. Kusema tu, "Mimi mwenye dhambi," ni rahisi. Aseme: Fulani nina deni lake, nitamlipa lini? Jirani yangu mfugaji aliyekufa mbuzi zake, nilimpa nini? Neno lile nililomwambia mke wangu juzi, nimelitakia radhi? Haki ya mtu haifutiki kwa machozi ya mihrabuni. Hufutika kwa kutoka na kwenda kugonga mlango wake.

Na atakayetoka na jambo moja tu alilolibadilisha, amefanikiwa. Katika Suratur Raad, aya ya 11, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa hayabadili yaliyo kwa watu mpaka wayabadili yaliyo nafsini mwao.

Waliotengwa bila ya khiari

Katika wilaya zetu hizi wapo watu ambao upweke haukuwa khiari yao. Lodwar hiyo hapo juu, Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini tangu 1959 mpaka 1961, baada ya miaka ya kifungo Lokitaung. Na Kakuma wamo wakimbizi tangu 1992, wengine wamezaliwa humo wakakua. Wapo pia madereva walalao njiani masiku mengi mbali na jamaa zao. Hawa tusiwaambie watafute upweke, wanao tele. Twawaambia wautie nia. Nabii Yusuf (A.S.) alitiwa gerezani kwa dhuluma, na humo akawalingania wenziwe kwenye Tauhidi. Ibn Taymiyya alifungwa katika ngome ya Damasko mwaka 1326, akasoma na kuandika mpaka aliponyang'anywa kalamu, akadumu na Kurani mpaka alipofishwa humo mwaka 1328. Lakini nia haiwi udhuru wa kunyamaza juu ya dhuluma. Aliyefungwa asubiri, na aliye nje amsaidie.

Khatima

Wakati wa kiangazi wanawake wa huku huchimba mchanga wa mto mkavu, wakateremka mpaka wayapate maji. Apitaye juu ya mchanga haraka hayapati, hufa na kiu na maji yapo chini ya nyayo zake. Lakini achimbaye hakai shimoni. Hujaza chombo chake, akapanda, akayapeleka kwa wenye kiu nyumbani. Hiyo ndiyo itikafu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azipumzishe nyoyo zetu kwa kumkumbuka, na atujaalie tukitoka misikitini tuwe wema zaidi kwa watu kuliko tulivyoingia. Amin.

Maswali ya kudurusu

1. Taja nguzo nne za itikafu, na dalili ya kuwa saumu si sharti kwa Imamu Shafi.
2. Kwa nini Mtume aliiacha itikafu mwaka ule wa mahema, na aliikaa lini?
3. Nabii Musa alifanya nini kabla ya kwenda kwenye miadi, na twapata funzo gani kwa mwenye jamaa?
4. Jiulize peke yako, wala usimjibu mtu: ni haki ya nani iliyo juu yangu ambayo haitaki sala ila yataka miguu?